Noti ya Kijerumani ya 1923 yenye chapa nyekundu juu yake: jinsi ya kuisoma, kuikagua na kuitunza

Karibu kila mwezi picha ileile huingia kwenye simu yangu. Karatasi ya kahawia, sura ya mwanamume wa zamani pembeni, na maneno mekundu makubwa yamepita juu ya maandishi mengine kama mtu aliyekanyaga godoro la mwenzake. Chini ya picha kuna swali: "Kaka, hii imeandikwa bilioni. Nimetoboa?" Mmoja aliikuta ndani ya kitabu cha mtumba, mwingine kwenye sanduku la marehemu babu, na yupo aliyeachiwa kama dhamana ya deni la simu.

Hujatoboa. Lakini una kitu kizuri mkononi, na ukijua kukisoma hutadanganywa na anayeuza wala anayenunua. Nimechoka kuandika majibu yaleyale usiku wa manane, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Historia kwa ufupi, maana bila yake hatua za mbele hazitaeleweka. Ujerumani iliendesha Vita Kuu ya Kwanza kwa kukopa, ikashindwa, ikadaiwa fidia. Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yakaingia bonde la Ruhr kwenye makaa ya mawe na viwanda. Wafanyakazi wa huko wakagoma, na serikali ikawalipa waliogoma kwa noti mpya zilizochapwa usiku na mchana. Kabla ya vita dola 1 ya Marekani ilikuwa marki 4.20. Januari 1923 ilikuwa karibu 18,000. Julai ikafika 353,000. Tarehe 20 Novemba 1923 ilikuwa marki 4,200,000,000,000. Benki kuu yao, Reichsbank, ilikodi viwanda vya uchapaji zaidi ya 130 na bado noti hazikutosha. Stoo nazo zilikuwa zimejaa noti zilizokwisha kuchapwa ambazo thamani yake ilishakufa kabla hazijatoka mlangoni. Zikarudishwa kwenye mashine zikapigwa kiwango kipya juu ya kile cha zamani. Hiyo ndiyo ninayoiita hapa chapa ya juu.

Shika jambo moja tu: karatasi uliyonayo ni noti mbili. Kuna noti ya chini na kuna chapa ya juu, na kila moja ina mwaka wake, kiwango chake na pengine hata mtoaji wake. Karibu makosa yote ninayoyaona yanatokana na mtu kuzisoma kwa pamoja.

Vya kuandaa kabla hujaanza

Kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa. Tochi ya simu. Rula yenye milimita. Karatasi nyeupe safi ya kuweka noti juu yake. Penseli na daftari. Ukiweza, azima dukani ile taa ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia, ila si lazima. Na mikono mikavu. Usipake mafuta wala losheni kabla ya kazi hii, maana karatasi ya 1923 hunywa mafuta kama andazi.

Usiandae pasi, gundi, selotepu, sabuni wala kifutio. Sababu utaziona mbele.

Hatua ya 1: Piga picha kwanza, gusa baadaye

Laza noti juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, si juani. Piga picha ya mbele na ya nyuma, kisha picha za karibu za pembe zote nne. Nyingi za noti hizi zilichapwa kwa haraka, na mikunjo yake ya miaka mia inaweza kupasuka ukiinyoosha kwa nguvu. Ikipasuka mikononi mwako, angalau utakuwa na kumbukumbu ya ilivyokuwa.

Ukikuta upande wa nyuma mweupe, bila chochote, usishtuke. Noti nyingi za mwaka ule zilichapwa upande mmoja tu kwa kukosa muda.

Hatua ya 2: Jifanye huioni chapa ya juu

Sasa soma noti ya chini peke yake. Swali la kwanza ni moja: nani aliitoa?

Ukiona neno Reichsbanknote, na chini jina Reichsbankdirektorium juu ya safu ya sahihi, hiyo ni noti ya benki kuu. Utaona pia sentensi inayosema kwamba Reichsbankhauptkasse ya Berlin itamlipa mwenye noti kiwango kilichotajwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyogeuka kichekesho.

Ukiona maneno mengine, basi huenda unayo pesa ya dharura, ambayo Wajerumani waliiita Notgeld. Hizi zilitolewa na miji, wilaya, viwanda, hata shirika la reli, kwa sababu noti za Berlin hazikufika kwa wakati na mishahara ililazimika kulipwa Ijumaa. Maneno ya kutafuta ni haya:

- Stadt: mji. Jina linalofuata ndilo la mji wenyewe.
- Kreis: wilaya.
- Gemeinde: serikali ya mtaa au kijiji.
- Sparkasse: benki ya akiba ya mji.
- Handelskammer: chama cha wafanyabiashara.
- Reichsbahn: shirika la reli la taifa.
- Gutschein: hati ya malipo. Neno hili peke yake linatosha kukuambia kwamba si noti ya benki kuu.

Miji ndiyo iliyopenda zaidi kupiga chapa ya juu. Mji ulikuwa na mabaki ya Notgeld ya mwaka uliotangulia, au hata ya 1918, kiwandani kwa mchapaji wa gazeti la hapohapo. Agosti 1923 ikifika, wanaipeleka kwenye mashine, wanaongeza neno moja, na kesho yake watu wanalipwa nayo. Wengine hawakuwa hata na mashine. Karani wa mji alikaa na muhuri wa mpira na kibweta cha wino akagonga moja moja. Ukikuta muhuri umepinda au umefifia upande mmoja, mwonee huruma karani, wala usidhani mara moja kwamba ni bandia.

Hatua ya 3: Tafuta tarehe ya noti ya chini

Tarehe huandikwa kwa mtindo huu: "Berlin, den 15. Dezember 1922". Iandike kwenye daftari neno kwa neno.

Tarehe hiyo ni ya noti ya chini. Haikuambii chapa ilipigwa lini. Kila wiki kuna mtu anauza "noti ya bilioni ya mwaka 1922", na hakuna kitu kama hicho: mwaka 1922 Ujerumani haikuwa na noti ya bilioni. Ile ya kahawia inayojaa kwenye simu yangu ni ya marki 1,000 yenye tarehe 15 Desemba 1922, ikapigwa chapa nyekundu Eine Milliarde Mark mnamo Septemba 1923. Sura iliyo juu yake ni ya Jörg Herz, msimamizi wa kiwanda cha sarafu cha Nürnberg katika karne ya 16, kutoka kwenye mchoro wa Georg Pencz. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha sarafu zina uzito halali ndiye aliyewekwa kwenye karatasi hii. Sijui kama Berlin waliuona utani huo.

Dada yake ni noti ya marki 5,000 ya tarehe 15 Machi 1923, iliyopigwa chapa ya 500 Milliarden Mark.

Hapa ndipo mnunuzi hujikinga kirahisi zaidi. Chapa ya Eine Milliarde ya benki kuu hukaa juu ya noti ya 15 Desemba 1922. Chapa ya 500 Milliarden hukaa juu ya noti ya 15 Machi 1923. Mtu akikuletea 500 Milliarden juu ya marki 5,000 ya tarehe 2 Desemba 1922, noti ambayo ipo kwa wingi na bei yake ni ya karanga, basi chapa hiyo ilipigwa na mtu aliyetafuta wateja. Na ukikuta noti ya Milliarde moja yenye tarehe ya 5 Septemba 1923, bila chapa yoyote, hiyo ni noti nyingine kabisa iliyochapwa tangu mwanzo kwa kiwango hicho.

Hatua ya 4: Soma chapa yenyewe, na hapa usiwe na haraka

Hatua hii ndiyo iliyowaangusha wengi. Kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni herufi. Wajerumani wa wakati ule walichapa kwa herufi za Fraktur, zenye kona na mikia. E kubwa hufanana na G. Herufi d ndogo imelalia kushoto. S ya katikati ya neno ni ndefu kama f isiyo na mkono, ndiyo maana watu huniandikia wakiuliza "Taufend" ni kiasi gani. Ni Tausend, elfu. Chukua kioo cha kukuzia, nakili neno herufi moja moja kwenye daftari, kisha lisome kwa sauti. Ukiruka hatua ya kunakili, macho yako yatakusomea unachotamani.

Mtego wa pili ni nukta. Mjerumani hutumia nukta pale sisi tunapotumia mkato: 1.000.000 kwake ni milioni moja, si moja na ushei.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, na umeshavunja biashara zaidi ya moja. Majina ya tarakimu kubwa hayalingani na yetu:

- Tausend ni elfu.
- Million ni milioni. Mpaka hapa tuko pamoja.
- Milliarde ni bilioni yetu, yaani sifuri 9.
- Billion ya Kijerumani ni trilioni yetu, sifuri 12.

Ukiwa nazo zaidi ya moja huandikwa Millionen, Milliarden, Billionen. Kwa hiyo noti iliyoandikwa Eine Billion Mark si bilioni moja, ni trilioni moja. Kubwa kuliko zote katika mfululizo huu ni ya 100 Billionen ya Februari 1924, ambayo kwa Kiswahili chetu ni trilioni 100. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea Kifaransa wana nafuu hapa, kwa sababu milliard ya Kifaransa na Milliarde ya Kijerumani ni kitu kimoja. Sisi tuliozoea hesabu ya Kiingereza ndio tunaojikwaa.

Angalia pia maneno ambayo si kiwango. Gültig bis maana yake "halali mpaka", na tarehe hufuata. Miji mingine ilipiga chapa ili kuongeza muda tu, bila kugusa kiwango. Muster ni sampuli. Entwertet na Ungültig maana yake noti imebatilishwa, mara nyingi baada ya mji kuikomboa. Matundu yaliyopigwa kwa mashine nayo huwa na maana hiyohiyo.

Hatua ya 5: Ipatie thamani ya siku yake

Hatua hii unaweza kuiruka, lakini mimi naipenda kuliko zote. Chukua kiwango cha chapa, gawanya kwa bei ya dola ya siku unayoitaka.

Tuichukue noti yetu nyekundu ya bilioni moja. Tarehe 1 Oktoba 1923 dola 1 ilikuwa marki milioni 242. Gawanya: noti ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 4. Pesa ya maana kabisa. Tarehe 1 Novemba dola ilikuwa bilioni 130. Noti ileile, mfukoni mwa mtu yuleyule, haikufikia senti moja. Tarehe 20 Novemba ungehitaji noti 4,200 kama hiyo ili upate dola moja. Mkate Berlin mwezi huo ulipita bilioni 200, kwa hiyo beba noti 200 na bado utaambiwa ongeza.

Halafu ikaja marki mpya, Rentenmark, iliyoanza tarehe 15 Novemba 1923. Rentenmark 1 ilichukua nafasi ya marki trilioni moja za zamani. Noti 1,000 za chapa nyekundu kwa marki moja mpya. Anayetaka kumweleza mtoto maana ya mfumuko wa bei uliokithiri ampe hesabu hii aifanye kwa penseli, bila kikokotoo, azihesabu sifuri mwenyewe.

Hatua ya 6: Kagua wino

Noti ya chini ya kawaida hununuliwa kwa bei ndogo. Chapa adimu juu yake huipandisha bei mara nyingi. Mwenye printa nyumbani anaona fursa. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa "chapa iliyopinduliwa", maneno yakiwa miguu juu, na muuzaji akaniapia kwa mama yake mzazi. Makosa ya kweli ya aina hiyo yapo, maana kazi ilifanywa mbio: chapa miguu juu, chapa ya upande mmoja tu. Ya kwangu haikuwa mojawapo. Nililipa, nikaenda nyumbani, nikachukua kioo, nikakaa kimya.

Nilichokiona ndicho unachopaswa kukitafuta. Chapa halisi ilipigwa kwa herufi za chuma zilizokandamizwa kwenye karatasi. Chini ya kioo, ukingo wa kila herufi una mstari mwembamba wa wino uliosukumwa pembeni, mzito kuliko katikati. Ukiinamisha noti kwenye mwanga wa pembeni, mara nyingi utaona karatasi imebonyea kidogo, na upande wa nyuma kuna kivimbe chepesi. Wekundu wake ni mmoja, hauna madoa ya rangi nyingine.

Chapa yangu ilikuwa na vitone. Vidogo sana, vyekundu, vya waridi na vya njano, vimetawanyika pembeni mwa herufi kama pilipili iliyomwagika. Hiyo ni printa ya wino. Ya tona nayo ina dalili yake: wino hukaa juu ya karatasi kama ngozi, unang'aa, na kwenye mkunjo hubanduka kwa magamba.

Sasa angalia mikunjo. Benki kuu ilipiga chapa karatasi zikiwa mpya, kabla hazijakunjwa na mtu yeyote. Kwa hiyo mkunjo unatakiwa uuvunje wino: kwenye mstari wa mkunjo utaona weupe wa karatasi umekata herufi. Ukiona wino umeingia ndani ya ufa wa mkunjo na kutambaa humo, basi mkunjo ulikuwepo kabla ya chapa. Kwa noti ya Reichsbank hiyo ni dalili mbaya sana.

Tahadhari: kanuni hiyo usiipeleke kwenye pesa za miji. Baadhi ya miji ilizipiga chapa noti zilizokwisha kutumika na kurudi kaunta, kwa hiyo wino juu ya mkunjo wa zamani unaweza kuwa halali kabisa. Hapo linganisha chapa yako na picha za noti nyingine za mji uleule. Ukubwa wa herufi na nafasi kati ya maneno upime kwa rula, usikadirie kwa macho.

Hatua ya 7: Iinue kwenye mwanga

Washa tochi ya simu nyuma ya noti. Noti nyingi za benki kuu za 1923 zina alama ya maji, michoro inayojirudia ndani ya karatasi yenyewe. Noti ileile inaweza kupatikana kwenye karatasi za aina tofauti, kwa sababu viwanda vya karatasi zaidi ya 30 vilishirikishwa na kila kimoja kilileta kilichokuwa nacho. Chora unachokiona kwenye daftari, hata kama huna ujuzi wa kuchora.

Kama umepata taa ya zambarau, zima taa ya chumbani. Karatasi ya zamani huonekana hafifu, ya kijivu au ya njano iliyofifia. Karatasi ya kisasa huwaka buluu-nyeupe kama shati jipya la shule, kwa sababu ya kemikali za kung'arisha ambazo mwaka 1923 hazikuwekwa kwenye karatasi. Noti ikiwaka nzima, ni nakala. Lakini uliza kwanza kama kuna mtu aliifua. Sabuni ya unga ina kemikali hizohizo, na nimeshakutana na noti halisi iliyopita kwenye mfuko wa suruali ndani ya mashine ya kufulia.

Hatua ya 8: Andika, kisha hifadhi

Kwenye daftari andika mtoaji, tarehe ya noti ya chini, kiwango cha chini, maneno ya chapa kama yalivyo, rangi ya chapa, namba ya noti, herufi ndogo zilizo karibu na namba, urefu na upana kwa milimita. Zile herufi ndogo usizidharau: kwenye noti za benki kuu zilizochapwa na viwanda binafsi, ndizo zinazomtambulisha mchapaji.

Usiandike chochote kwenye noti yenyewe.

Kuhusu kuhifadhi, nitasema kwa ukali kidogo. Usiilaminishe! Najua tumezoea kulaminisha kila kitu, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi picha ya harusi. Noti ikishapita kwenye mashine ile yenye joto haitoki tena, na mkusanyaji yeyote atakayeiona atakurudishia bila kuitazama mara mbili. Usiipige pasi, pasi huvunja nyuzi za karatasi na kuufanya wino ung'ae kwa namna isiyo yake. Usiweke selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kupenya mpaka upande wa pili. Usioshe. Noti chafu ya kweli ina wenyewe wanaoitaka, noti iliyooshwa haina.

Iweke kwenye bahasha ya plastiki isiyo na PVC, au kama huipati, ndani ya karatasi nyeupe isiyo na tindikali, katikati ya kitabu kizito. Ile plastiki laini yenye harufu kali kama pazia jipya la bafuni ndiyo PVC, ikae mbali. Kwa tunaoishi pwani, adui ni unyevu: usiweke ukutani, usiweke chini, ifungulie hewa kila baada ya miezi michache, na hakikisha mende hawajaonja.

Ukikwama

Chapa haisomeki kabisa, wino umefifia. Piga picha, kisha kwenye simu punguza mwanga na ongeza ukolezo wa rangi. Wekundu uliofifia hujitokeza. Usijaribu kulowesha.

Chapa inasema DEUTSCHÖSTERREICH. Umetoka Ujerumani, uko Austria. Baada ya himaya ya Austria na Hungaria kuvunjika, noti zake za krone zilipigwa chapa hiyo mwaka 1919 ili ijulikane zipi ni za Austria. Nyingi zina tarehe ya 2 Januari 1902. Si marki, na sababu ya chapa ilikuwa kugawana mirathi ya himaya, si mfumuko wa bei.

Noti inasema Rupie au Rupien, na Deutsch-Ostafrikanische Bank. Hii sasa ni ya kwetu, wala haihusiani na 1923. Wakati wa vita, meli za Waingereza zilipofunga pwani, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikosa noti kutoka Ulaya, wakachapa zao wenyewe kuanzia 1915. Utaona majina Daressalam au Tabora. Zile za mwishoni, za 1917, ziligongwa kwa mihuri ya mpira porini. Usiichanganye na Notgeld, na usiiuze kwa bei ya Notgeld kabla hujamwonyesha mtu anayeifahamu.

Chapa ni kaulimbiu ya siasa au tangazo la duka. Noti zilipokufa, wafanyabiashara walizichapa matangazo kwa sababu zilikuwa karatasi rahisi kuliko karatasi. Wanazi nao walizigonga maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi na kuzisambaza. Chapa hizo hazikuwa na kibali cha benki yoyote. Ziko za kweli za enzi zile, lakini sokoni zimejaa zilizopigwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. Mimi sizigusi.

Ni noti ya marki 1,000 ya tarehe 21 Aprili 1910, haina chapa ya juu, ila ina mihuri miwili ya kijani. Mihuri hiyo ni sehemu ya noti yenyewe. Iliendelea kuchapwa baada ya vita kwa tarehe ileile ya 1910, kwa hiyo usidanganyike na umri wake. Ni ya kawaida mno.

Mtu ameniambia benki kuu ya Ujerumani inabadilisha. Inabadilisha Deutsche Mark, zile zilizoanza 1948, kwa euro. Marki za 1923 haibadilishi. Anayekuomba "ada ya kufuatilia malipo Frankfurt" anakuibia, mzuie namba.

Basi niuze kwa nani, kwa bei gani? Noti nyekundu ya bilioni moja ipo kwa wingi duniani. Ikiwa imechakaa ni dola chache tu, ikiwa safi isiyokunjwa huongezeka kidogo. Chapa za miji midogo ndizo zenye bei isiyotabirika, kwa sababu pengine zimebaki chache na yupo mzee Ujerumani anayetafuta za mji aliozaliwa. Mtumie mnunuzi picha zile za hatua ya 1, mbele, nyuma na pembe nne, pamoja na vipimo. Akikuuliza ni Milliarde au Billion, unajua la kumjibu.